Kidonda cha Mlungulungu

Supu yangu haina dawa. Nimelisema hilo mara nyingi hadi wateja wangu wa Mlabani, hapa Ifakara, wamelifanya utani. Akiingia mgeni akauliza kama hapa ndipo penye supu ya dawa, wenyeji huinamia bakuli zao na kusubiri nifoke. Nami sifanyi ajizi. Namwambia mgeni kwamba ndani ya sufuria hii kuna makongoro, vitunguu, chumvi, na gome la mlungulungu lililochemka pamoja na nyama tangu alfajiri. Anayetaka dawa avuke barabara, duka la dawa linatazamana na banda langu. Anayetaka supu avute kiti.

Wapo wanaosema ni kiburi. Sikatai, kiburi ninacho, nilizaliwa nacho na kimenisaidia. Ila ukali wangu juu ya neno hili moja una chanzo chake, na chanzo chenyewe ni mama yangu mzazi.

Nianze na gome. Mlungulungu si mti wa kujivunia umbo. Shina lake limejaa vinundu vigumu vyenye mwiba kwenye ncha, na majani yake ukiyafikicha yananukia kama ndimu. Gome ukilitafuna ni chungu, halafu ncha ya ulimi inaingia ganzi. Ndiyo maana watu wamelitafuna jino likiwauma na kulichemsha kifua kikibana, wala sitasema kwamba hawakupata nafuu. Kwenye supu lina kazi nyingine. Linakata mafuta ya makongoro, ule uzito unaobaki kooni, na mtu anamaliza bakuli akiwa bado anataka jingine. Wasukuma walioshuka bondeni na ng'ombe wao wanalijua, Wamasai wanalijua, na sisi tuliotoka upande wa Mahenge tunalijua. Hakuna mwenye haki ya kusema ni lake peke yake.

Aliyenifundisha kulipika ni mama. Anaishi kijiji cha Mbingu, kwenye kiwanja kile kile alipoletwa akiwa bibi harusi, na kaka yangu mkubwa yuko jirani yake, analima mpunga na kokoa. Gome la supu tunalipata kwenye matawi tunayopunguza, maana milungulungu ipo mingi mpakani mwa shamba la kaka. Lakini kuna mmoja nyuma ya jiko la mama ambao hauguswi kwa ajili ya supu. Ule ni wa wagonjwa.

Kwetu gome la mgonjwa lina taratibu zake. Mgonjwa halikati mwenyewe, anakatiwa na mtu wa nyumbani. Linakatwa upande wa jua linakochomoza, kipande kisichozidi kiganja, na hakuna anayethubutu kulibandua shina kwa kulizunguka. Kidonda cha mti kinapakwa matope. Baada ya hapo mgonjwa haulizwi sana anajisikiaje. Watu wanakwenda kuutazama mti. Kingo za kidonda zikianza kukunjika na kusogeleana, mgonjwa yuko njiani kupona, na zikikutana, amepona. Nimekua nikiona watu wazima wakipita moja kwa moja nyuma ya jiko asubuhi, kabla hawajamjulia hali mtu aliyelala ndani anatetemeka kwa homa.

Sikuwahi kulibishia jambo hilo. Halikuwa likimdhuru mtu, kwa sababu wagonjwa wetu walipelekwa na kwenye zahanati pia, wakameza walichopewa. Mti ulikuwa wa kuwapa moyo waliobaki nyumbani. Nilidhani kila mtu kwetu anajua hivyo.

Kijana wa pakiti alikuja kwangu kama mteja. Nasema kijana wa pakiti kwa sababu ndivyo soko zima lilivyokuja kumwita. Alikula bakuli mbili, akaniuliza ni kitu gani kinachomfanya ulimi uchangamke, nikamwonyesha kipande cha gome na kumwambia kimetoka kwa mama, Mbingu. Alikuwa na adabu, hilo nitampa haki yake. Shikamoo yake aliitoa akiwa amesimama, mikono nje ya mifuko. Alikuwa amepanga nyumba Lumemo, na ndani ya nyumba ana mashine za kukaushia na kusagia. Alikuwa anatafuta mazao ya kusindika.

Baada ya muda alirudi na kazi yake, nami naijua kazi nzuri nikiiona. Alikuwa amelikausha gome bila kulichoma, akalisaga na kulichekecha hadi likawa unga laini kuliko wowote niliowahi kuupata kwenye kinu changu. Kuna pakiti za kutia kwenye uji, kuna za chai, kuna za supu. Lililobaki alikuwa amelilowesha na kulichuja hadi akapata maji mazito ya kahawia, akayatia kwenye chupa ndogo, matone machache yanatosha kikombe kizima. Nilitia unga ule kwenye sufuria. Supu ilitoka vizuri na haikuacha vijiti. Nikamsifu mbele ya wateja, nikamwambia kama atauza kiungo hiki mimi nitakuwa mtu wake wa kwanza.

Akacheka kidogo, akaniambia kiungo hakina soko. Mtu wa mjini, kwa maelezo yake, hanunui ladha, ananunua afya. Akatoa karatasi aliyotaka niibandike bandani. Ilikuwa na presha, sukari, vidonda vya tumbo, maumivu ya mgongo na nguvu za kiume, vyote vikitibiwa na gome la makongoro yangu. Nilimuuliza presha imeingiaje humo. Akasema watu wanasema. Nikamuuliza ni watu gani hao. Akasema, "Mama, biashara matangazo."

Nilimrudishia karatasi yake. Nikamwambia siku hizi mjini hakuna tena chakula, kuna tiba tu. Tangawizi ilikuwa tangawizi, leo ni dawa. Mbegu za maboga tulizitafuna tukipiga soga, leo zinafungwa kwenye kopo na kutibu tezi. Asali, mlonge, kitunguu saumu, hata maji ya kunywa yana maelekezo. Mtu hawezi kula kitu kwa sababu ni kitamu, lazima kimponye. Nilimwambia mimi nimekaa miaka kwenye moshi huu nipate supu tamu, na sitakubali mtu aje kuniambia utamu wake hautoshi. Kama anataka kusema gome linatibu presha, akatafute kwanza mtu mmoja aliyepona.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema sawa mama, atamtafuta.

Akaenda kumtafuta, na akampata mama yangu.

Hilo nililijua sokoni. Nilikuwa nachagua vitunguu nikasikia sauti ya mama nyuma yangu. Nikageuka nikiwa nimeshaandaa shikamoo mdomoni. Hakuwepo. Kulikuwa na meza yenye pakiti na chupa, na juu ya meza spika, na ndani ya spika mama yangu akizungumza kwa lafudhi yake ya Kipogoro, taratibu, vile anavyozungumza na wageni: "Mimi nilikuwa na presha. Nimetumia gome, nimepona. Mti umefunga." Halafu muziki kidogo, halafu sauti ya kijana ikizitaja pakiti, halafu tena mama: nilikuwa na presha, nimetumia gome, nimepona, mti umefunga.

Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Dada mmoja wa rika langu alikuwa na mama yake mzee, ameishika pakiti anaigeuzageuza. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawa ya moto. Sauti ile iliniimbia nikiwa mgonjwa, ikanigombeza, ikanisalia rozari, na sasa ilikuwa inaita wateja juani bila yeye mwenyewe kuwepo.

Maneno yale ya mwisho hakuna aliyeyaelewa pale sokoni. Nadhani kijana aliyaacha kwa sababu yana uzito fulani wa kizee. Mimi niliyaelewa, na hasira ikaisha ghafla, ikaja hofu. Mti umefunga maana yake mtu alimkatia mama gome, kidonda kikapona, na mama akajihesabu mzima. Na mtu mzima hamezi vidonge, hata vile vya presha alivyoandikiwa mama avimeze kila siku. Nikaviacha vitunguu vya watu kwenye mizani, nikapanda gari la Mlimba linalopita Mbingu.

Nilimkuta anapepeta mchele. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za biashara, nami nikamuuliza habari za vidonge vya presha. Alijibu bila wasiwasi kwamba ameachana navyo. Akaweka ungo chini, akanishika mkono kama nilivyokuwa mtoto, akanipeleka nyuma ya jiko. Kaka alikuwa amemkatia gome masika yalipoanza. Kidonda kilikuwa kimekunja kingo zake pande zote, katikati umebaki mstari mwembamba tu pale zilipokutana. Mama alikigusa kwa kidole akitabasamu. Ulikuwa muda mrefu sijamwona na furaha ya namna ile, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Nilimwambia masika bonde lote linaota, hata nguzo za uzio zinachipua, kwa nini mti usifunge. Akaniambia mjini kumeniharibu macho. Nikamuuliza yule kijana alimpa nini ili aseme yale maneno. Hakumpa kitu, alisema, zaidi ya sukari ya kumjulia hali. Alimuuliza kama gome limemsaidia, na yeye akajibu ukweli wake, na kijana akamwekea simu karibu na mdomo. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimekuja na matusi ya kumtukana mwongo, na mwongo hakuwepo. Kijana hakutunga neno hata moja. Alichokosa kuuliza ni kama mti unaweza kukosea, na hata angeuliza, mama angemcheka.

Kaka alipotoka shamba nilimvaa. Alisema nimwache mama na imani yake, mbona ana raha. Nikamwambia hata mlevi ana raha.

Nililala Mbingu. Asubuhi mama alikuwa anatugawia uji, upawa ukamponyoka mkono wa kushoto. Akacheka, akauokota, ukamponyoka tena. Mara ya pili hakucheka. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kaka naye aliona, akaenda kutafuta gari bila kuambiwa.

Hospitali walimpima presha, wakampima tena kwa mashine nyingine, maana muuguzi hakuyaamini macho yake. Mkono ulirudi siku hiyo hiyo, namshukuru Mungu. Daktari alikaa naye vizuri, akamweleza kwamba hilo lilikuwa onyo, kwamba safari nyingine mkono unaweza usirudi, na mdomo pia, na yeye mwenyewe pia. Vidonge kila siku bila kuruka, na chumvi apunguze sana. Mama alisema, "Asante, baba." Aliitikia kila neno. Naijua heshima hiyo ya mama. Ndiyo anayowapa watu wanaomwuzia vitu asivyokusudia kununua.

Tulipofika nyumbani aliviweka vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, akaliweka kopo juu ya kabati, akaenda kulala. Siku iliyofuata kopo halikuguswa. Nilipomuuliza alisema mashine zinaharibika, ndiyo maana walitumia mbili. Mti hauharibiki. Nilibembeleza. Nilipiga magoti, mimi, mtu wa kiburi, nikapiga magoti kwenye sakafu ya jiko. Nilipoona hainisaidii nikapiga kelele. Msemo wa sikio la kufa ulinifika kwenye ulimi, nikaumeza, kwa sababu safari hii lilikuwa sikio la mama yangu na dawa ilikuwa dawa kweli.

Nilichukua panga la kaka nikaenda nyuma ya jiko. Nilitaka kuuangusha mti ule. Nilijiambia, ukianguka hautakuwa na kidonda cha kutazama, na mgonjwa wa kutazamwa atabaki mama mwenyewe. Sikujali taratibu wala wazee waliozipanga. Nilitaka mama awe hai, hata kama atanichukia maisha yake yote yaliyobaki, mradi yawe marefu.

Nikalenga, nikainua panga, nikatazama mahali pa kupiga. Ndipo nikayaona makovu mengine.

Kwenye mlungulungu gome likibanduliwa na kupona, mahali pale panabaki laini, vinundu havioti tena. Nilikuwa nimeyaona makovu yale tangu utoto bila kuyatazama. Lilikuwepo langu, la kifaduro, upande wa chini. Lilikuwepo la kaka. Na juu yake, usawa wa kifua, lilikuwepo moja kubwa kuliko yote, laini kabisa, kingo zake zimekutana vizuri kama mshono wa fundi. Nilikuwepo lilipokatwa. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeshika taa ya chemli ingawa kulikuwa kumekucha, kwa sababu mama, ndiye aliyelikata, hakutaka kukosea mahali pa kukata.

Mama alitoka jikoni mbio. Nadhani alikuwa ameliona panga. "Usiguse," aliniambia.

Nililishusha. Nikaweka kiganja juu ya lile kovu kubwa.

"Hili la nani?"

"Unajua la nani."

"Nataka uniambie wewe."

"La baba yako."

"Limefunga?"

Aligeuka kurudi jikoni.

"Mama, limefunga au halijafunga?"

"Limefunga."

"Baba yuko wapi?"

Sijawahi kumwambia mama yangu neno kali kuliko hilo, na sikulijutia hata wakati linatoka. Alisogea hadi kwenye shina. Nilitoa mkono wangu, akaweka wake. Kuku walikuwa wanachakura majivu karibu na miguu yetu, na hakuna aliyewafukuza.

"Lilifunga tumeshamzika," alisema. "Baada ya matanga nilikuwa nakuja hapa kila asubuhi, naliona linafunga. Nikasema mti umechelewa."

"Haukuchelewa, mama. Ulikuwa unajiponya wenyewe."

Hakusema kwamba nimesema kweli. Mama hajawahi kumwambia mtoto wake maneno hayo na sikuyategemea. Aliniambia panga la watu lirudi lilikotoka, mpunga haujipepeti. Jioni nilipoleta chakula niliona kopo la majani ya chai liko mezani, kifuniko wazi, na kikombe cha maji pembeni kimebaki nusu. Nilikusanya vyombo nikaviosha, nikilia, na moshi ukapewa lawama.

Nilirudi Mlabani kwa sababu sufuria haichemki yenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kumvaa kijana wa pakiti, nikamkuta amesafiri, ameacha mtu wa kuuza na spika ikiendelea. Nilimwambia yule muuzaji aizime. Akasema yeye ameajiriwa, nizungumze na mwenyewe. Kwa hiyo kila nilipokwenda sokoni mama yangu alikuwa akiniambia amepona, na kila nilipopiga simu Mbingu kaka alikuwa akiniambia leo amemeza.

Masika yalikuwa yameisha mama alipokuja mwenyewe. Hakutuma taarifa. Alishuka kwenye bajaji mlangoni kwangu akiwa amevaa kitenge cha Jumapili, kilemba kimefungwa sawasawa, khanga begani. Wateja walimpa shikamoo, akaitikia mmoja mmoja, akanigeukia.

"Yuko wapi yule mjukuu wangu wa spika?"

Nilimwachia jirani upawa, tukaenda. Siku hiyo kijana alikuwepo, na meza ilikuwa na watu. Alipomwona mama uso ulimng'aa kwa dhati, akatoka nyuma ya meza, akainama, akatoa shikamoo. Aliwaambia wateja, huyu ndiye bibi mnayemsikia. Watu wakasogea. Mama aliitikia marahaba, akamuuliza habari za kwao, akamwomba maji ya kunywa. Alipewa chupa nzima.

Akalifungua pindo la khanga. Nilidhani anatafuta leso. Alitoa kidonge cheupe, akakiweka kwenye kiganja, akakiinua watu wakione, wale wa mbele na wale wa nyuma.

"Hii ndiyo ya presha," alisema. "Gome ni la supu."

Spika ilikuwa inasema nimetumia gome, nimepona. Mama alisubiri ifike kwenye mti umefunga. Akatia kidonge mdomoni, akanywa maji taratibu, akameza, halafu akafungua mdomo akawaonyesha kwamba kimekwenda. Nimeyaona mengi katika soko lile, watu wakipigana, wakiombewa, wakikamatwa, lakini sijawahi kuliona limesimama kumtazama mtu akimeza kidonge.

"Huyo mama mzime," alimwambia kijana. "Alikuwa hajautazama mti wote."

Kijana alizima. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, siyo ya mtu aliyeumbuliwa. Mama akamshika bega, akamwambia unga wake ni mzuri na auuze wa kupikia. Akamrudishia chupa ya maji iliyobaki.

Sitadai kwamba tulishinda. Meza bado ipo na spika bado inasema, siku hizi kwa sauti ya mzee mwanamume nisiyemjua, ambaye sukari yake imeondoka. Huwa nasimama kumsikiliza, nikijiuliza kama ana binti, na kama binti huyo hupita njia hii. Ndiyo maana nafoka bandani kwangu. Kila anayekaa kwenye viti vyangu atasikia, apende asipende, kwamba gome ni kiungo, na kama ana vidonge vyake nyumbani akimaliza supu akavimeze. Wengine wamekasirika wakahama. Waende, vibanda vya supu vipo vingi Ifakara.

Siku ile lakini tulirudi bandani mimi na mama, naye akasema ana njaa. Nilimchagulia kipande kilicholainika, nikamjazia bakuli, na gome nikamwekea la kutosha, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha. Alionja. Akaniuliza chumvi iko wapi.

Nikamwambia imeisha. Kopo la chumvi lilikuwa mbele yake, limejaa hadi juu. Alilitazama, akanitazama mimi, akainama akaendelea kula.